Nimkane Mwanangu Ili Tubaki na Shamba?

Mama Sibil, wewe mkuu wa watawa umewashauri wengi, nami naomba unisaidie maana nimefika mwisho. Mimi ni Emmot, mjane wa kijiji cha Thwaite, anayeandika ni padri wetu lakini maneno ni yangu. Mwanangu Cuthbert aliuawa Jumapili ya Matawi pale Towton, kwenye theluji, akimpigania mfalme wa ukoo wa Lancaster, wala hakwenda kwa kupenda vita, alikwenda kwa sababu Bwana Scrayne, mkubwa wetu huku, alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mfalme ni huyu, na atakayebaki nyumbani atanitambua," basi mwanangu akachukua upinde wa marehemu baba yake akaenda, na binti yangu Avice ameolewa na Rafe ambaye kwao ni watu wa ukoo wa York, wapinzani wa Lancaster, naye akapigana upande wa pili siku ileile, akarudi mzima. Sasa York ndio wanaotawala, na Scrayne huyohuyo amempigia magoti mfalme mpya, akasamehewa, na yeye ndiye anayezunguka kuandika wasaliti. Anasema shamba litachukuliwa kwa kuwa lilikuwa la Cuthbert, ila nikisimama kanisani mbele ya watu niseme mwanangu alikuwa msaliti na simtambui, shamba atapewa Rafe. Avice ana mimba kubwa. Rafe si mtu mbaya, Mama, hata kuni ananipasulia, lakini juzi mezani aliniambia bila kuinua macho, "Mama, Cuthbert hahitaji shamba tena. Sisi tunalihitaji." Tangu hapo nikimtazama najiuliza kama ni mkono wake uliomuua mwanangu, nami naogopa kuuliza. Nifanye nini?

*

Emmot dada yangu, pole. Kaka yangu naye hakurudi kutoka vita hivi, na mpaka leo hatujui shimo alimotupwa.

Lakini hilo la kutaka kumhoji Rafe, acha. Theluji ilikuwa usoni na watu walikuwa maelfu. Huenda hata yeye hajui. Akikujibu, kweli au uongo, utalala na jibu hilo nyumba moja na mjukuu wako. Unalitafutia nini?

Na usingoje Scrayne aone haya. Angekuwa nazo asingefika mlangoni kwako.

Nenda kanisani. Sema wanachotaka, kwa maneno machache, na usimpe Scrayne machozi yako. Cuthbert alikujua wewe ni nani. Ukirudi nyumbani mwombee kwa jina lake, kwa sauti, Rafe akiwepo. Akiinuka mezani, mwache aende.

Ila kabla hujafungua mdomo, shamba liandikwe kwa jina la Avice na mtoto wake, padri akiwa shahidi, lisiwe la Rafe. Atanuna, na wewe usirudi nyuma. Mimi ni mzee, Emmot. Ukoo huu nao utaangushwa. Siku hiyo msaliti atakuwa Rafe, na binti yako atahitaji pa kulala.