Kwa Mama Yetu Agnella, Aliyeazima Asirudishe

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Mama, na jiko lako la nyuma ya nyumba hapa mtaani Viwanja Sitini limepoa. Baba alitaka tuandike maneno matamu tu. Lakini kalamu nimepewa mimi, Edna, na wewe unanijua: siwezi kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Walikuita Mama Uji. Kila asubuhi wewe na kikundi chako mlipika uji wa mchele wenye karanga na ndimu, mkaupeleka wodini kwa wagonjwa waliotoka mbali, Mngeta na kwingineko, wasio na ndugu wa kuwaletea hata kikombe. Hukuuliza nani wa dini gani wala kabila gani. Ulisema mgonjwa haulizwi uji, ukamimina.

Na ulikuwa mjanja. Hatukuwahi kukusikia ukimwomba mtu ajiunge na kikundi. Ulikwenda kwake, ukasalimia, ukauliza habari za kuku, kisha ukaazima kitu. Kwa Mama Domitila, jirani yetu, uliazima mwiko mkubwa. Kwa Mzee Polikarpo uliazima baiskeli ya kubebea ndoo, kwa Paulina sufuria. "Nitarudisha kesho," ulisema, na hiyo kesho haikufika. Mwenye kitu akichoka kungoja alikuja mwenyewe, amenuna.

"Agnella, mwiko wangu uko wapi?"

"Si huo hapo ndani ya sufuria, dada yangu? Hebu koroga kidogo uji usishike chini, mimi nafuata kuni."

Ukapotea na kuni zako mpaka uji ukaiva. Mama Domitila alikoroga miaka na miaka, huku akilalamika kwamba unamchakazia mwiko. Sisi tulicheka. Tulidhani una usahaulifu tu.

Hata ulipolazwa wodi ileile uji ulikufikia, ameubeba Mama Domitila. Ulionja, ukasema ndimu imepungua. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyobaki nayo kutoka kwako, na mpaka leo akiyasimulia anacheka, kisha analia.

Siku ya mazishi Baba Mkubwa Adolf alisimama, kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje aione familia. Hakuna aliyekuja. Baba hakuridhika. Alisema mke wake hatalala na vya watu. Basi tukasugua mwiko, sufuria na ndoo, tukaupaka mafuta mnyororo wa baiskeli, tukazunguka mitaani kumrudishia kila mtu chake. Walipokea, wakalia pamoja nasi. Tulirudi nyumbani tukijiona waungwana.

Kesho yake jikoni hakuja mtu.

Tumehangaika, Mama. Mwenyekiti wa kikundi, Wendelin, amechapisha fulana zenye picha yako. Amefungua na kundi la wasapu, limejaa watu kuliko jiko lako lilivyowahi kujaa. Kila asubuhi wanatakiana baraka humo, lakini ukiuliza nani anakuja kukoroga, kimya. Mimi na mdogo wangu Beatus tunapika tunapoweza, na siku nyingi hatuwezi. Juzi mama mmoja wa Mngeta anayemuuguza mwanawe tena, kama enzi zako, alinishika mkono mlangoni pa wodi. "Dada, yule mama wa uji harudi?" Nikamwambia anarudi.

Ndipo Wendelin akaitisha kikao, akauliza hamasa ya wanachama imekwenda wapi. Mama Domitila akamgeukia Baba.

"Shemeji, siku ile mliponiletea mwiko wangu umesuguliwa vile, nilijua mmeniaga. Sasa nije kwenu kufuata nini?"

Baba alirudi nyumbani, chakula hakukigusa. Inamuuma kwamba alichokifanya kwa heshima yako ndicho kilichovunja kazi yako. Inatuuma sote, maana kusugua tulisugua wote.

Wiki hii alivaa shati lake la kanisani, akaenda kwa Mama Domitila kuazima mwiko. "Nitarudisha kesho," alisema. Mama Domitila aliutoa, akafunga mlango. Sasa mwiko umening'inia jikoni. Hiyo kesho imepita, na nyingine imepita, na mwenyewe hajaufuata. Hodi ikipigwa, Baba anainuka kabla yetu. Tunaogopa, Mama, huenda ujanja huu uliwezekana kwako tu.

Jumamosi, baada ya Misa ya kukuombea, moto utawashwa nyuma ya nyumba. Hatujui kama tutakuwa wengi au sisi wenyewe. Mchele umeshasagwa, na ndimu safari hii hazitapungua.

Unakumbukwa na mumeo Salvatory, anayekutengea kiti mpaka leo. Wanao Edna na Beatus. Shemeji yako Adolf. Mjukuu wako Agnella, uliyemwachia jina na ukaidi. Na ndugu zako wote wa Mahenge, Lumemo na Ifakara. Na yule mama wa Mngeta, ambaye hakulijua jina lako.

Daima tutakukumbuka, Mama. Na anayesoma hapa amfikishie Mama Domitila salamu: mwiko wake haturudishi ng'o. Akiutaka, aje aufuate.