Baki na Figo Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Mama kikohozi kimemwacha. Kuku wake siku hizi hutagia kitandani kwangu; akiniona nimelala mchana kutwa, labda anadhani nami naatamia.

Ile figo uliyojitolea kunipa, baki nayo. Daktari anasema madini ya risasi niliyokuwa nikiyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu yameua figo zangu, na moyo nao umechoka, hautahimili upasuaji. Nikamuuliza, "Basi tufanyeje?" Akafuta miwani yake.

Kitindamimba wetu ameshika nafasi yangu karakanani. Nilimkataza, akasema, "Kaka, mwanangu hali maonyo." Mpigie simu wewe, mimi maneno yameniishia. Jioni hurudi na vumbi lilelile la risasi mwilini, na mwanawe humrukia shingoni kabla hajanawa.

Ni mimi, kaka yako.