Mtandao wa Mama Amira

Zuhura usicheke. Au cheka, lakini usimwambie mtu.

Leo si ndiyo nimehamisha ofisi nzima ya dhahabu ya bosi wangu Mzee Abdulshakur kwenda kwenye zile anwani mpya za intaneti nilizokuchosha nazo mwezi mzima, IPv6.

Nikazima za zamani mbele ya watu wote, hadi wachimbaji waliotoka Rwamgasa kuuza dhahabu, wanasubiri bei ya leo. Nikafungua ukurasa wa bei kwenye laptop yangu. Ukafunguka hapo hapo!

Nikatoa hotuba shoga. HOTUBA. "Wenzetu bado wamelala, sisi Katoro tumeshaamka!" Wakapiga makofi. Mzee akaagiza soda.

Soda sijaimaliza, Mama Amira anayetupikia akatoka jikoni na simu mkononi. "Suzana mwanangu, mbona unanimalizia bando?"

Jana niliunga laptop kwenye simu yake nitume picha za harusi. Laptop haikutoka huko hadi leo!! Kumbe kompyuta za ofisi hazifungui chochote, zote, na mimi nimesimama na Fanta yangu.

Mzee akaniangalia weee. "Kwa hiyo mtandao mpya ni wa Mama Amira?"

Nikamjibu, "Ndiyo Mzee." Eti ndiyo Mzee!

Anwani za zamani bado zinagoma kurudi. Wachimbaji wamepanga foleni jikoni wanaangalia bei kwenye simu ya Mama Amira, wanamwita injinia.

Mimi, injinia kaniachia maandazi, kasema nisiyaunguze.