Mti wa Maamuzi na Ngamia wa Bute

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Leo mwalimu Najib ametufundisha mti wa maamuzi. Unachora mraba – hapo ndipo unapoamua. Matawi yanatoka. Kila tawi lina bahati zake, na kila bahati unaipa namba. Unazidisha, unajumlisha, unachagua tawi lenye thamani kubwa. Nimeupenda! Miezi minne tangu baba afariki, mimi na mama, hooyo, tunavutana kuhusu ngamia thelathini wa baba walioko Bute kwa mdogo wake, ami yangu, adeer Kulow. Hooyo anataka tuwauze, tufungue duka la maziwa lenye friji kubwa hapa Waberi. Mimi sijui. Sasa nitajua.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempigia adeer. Nikamuuliza, mvua za vuli, za deyr, za miaka kumi iliyopita, ngapi zilikuja vizuri? Akacheka, kisha akazihesabu moja moja – ule mwaka wa mafuriko, ule wa nzige. Sita. Na mwaka huu je? Akasema hilo ni la Mwenyezi Mungu, Shurie.

Nikaandika 0.6.

Tukibaki na ngamia hadi Januari: mvua ikinyesha, milioni nne. Isiponyesha, milioni moja na laki mbili. Wastani 2,880,000. Duka: 2,640,000. Hooyo hajui kusoma, lakini aliitazama karatasi muda mrefu. Akasema yeye anaogopa tu. Nikamwambia woga hauna namba.

Tunabaki na ngamia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mawingu. Basi, mawingu tu.

Jumatano, 12 Novemba

Bado. Bwawa la Bute limekauka, maji yanaletwa na lori, foleni siku mbili. Ngamia wawili wamekufa, mmoja alikuwa na mimba. Madalali wameshajua – bei imeshuka nusu. Nimemwonyesha Najib mti wangu. Akaukagua tawi kwa tawi. Akasema hesabu ni sahihi kabisa, ila uamuzi mzuri unaweza kuleta matokeo mabaya. Nikasema asante mwalimu. Nikaenda msalani, nikalia.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamebaki kumi na tisa. Hooyo hanilaumu. Afadhali angenilaumu! Ananipakulia chakula, ananiuliza kama nimeswali.

Jumatatu, 15 Desemba

Kumi na mmoja.

Simu imepokelewa na Ruweyda, mke wa adeer. Adeer yuko zahanati na binti yao Fartun. Ana mwaka mmoja na nusu. Majike wamekauka, nyumba haina maziwa tangu mwezi uliopita – mtoto alikuwa anapewa chai ya rangi. Nikauliza, mbona hamkusema? Akasema, wewe uliuliza habari za ngamia tu.

Nimetoa ile karatasi. Bei, mvua, nyasi, usafiri, vyote nimeviweka. Maziwa wanayokunywa pale kwa adeer sikuyaandika popote. Watu saba wanaishi kwa maziwa hayo! Likizo zangu zote za utoto nilikuwa pale. Nilijua.

Jumatano, 17 Desemba

Fartun amezikwa asubuhi. Bute ni mbali, hatukuwahi. Hooyo amelala amegeukia ukuta.

Baada ya adhuhuri adeer akapiga. Nikaanza kumpa pole, akanikatiza. Lori la dalali liko pale kijijini. Linachukua wote tisa waliobaki, elfu ishirini kila mmoja, na linaondoka kabla ya alasiri. La sivyo, yeye awaswage hadi ng'ambo ya mpaka, wanasema huko manyunyu yameanguka. Mwendo wa siku sita. Hajui kama watafika. Hajui kama yeye mwenyewe atafika.

Akauliza, Shurie, ile karatasi yako inasemaje?

Hanikejeli. Wallahi, anauliza kweli. Sauti yake ni ile ile ya kila siku.

Nimemwambia asubiri, asikate. Anasubiri. Simu iko hapa mezani, namsikia akikohoa. Nimechora mraba na matawi mawili. Kwenye matawi sijaandika kitu. Siku sita – niipe namba gani? Na yeye je, nimpe namba gani?

Anasema nifanye haraka, dereva amewasha injini –