Mume wa Bibi Mwanahawa

Nkuhungu, 4 Machi 1997

Mume wangu Fabian,

Huna haya wewe! Tangu mwezi wa kumi hujakanyaga hapa. Idi imepita, pilau yako imeliwa na paka. Mimi mzima, goti tu. Wewe je? Bado unalala na viatu kama ulipoletwa kwangu kutoka Burundi, ukidhani vita vitakufuata hadi Dodoma? Rukaya wa jirani anaandika ninavyosema. Matusi ni yangu.

Juzi alikuja mtu, eti mjomba wako, anamtafuta kijana Fabian. Nikamwambia, “Kijana simjui. Mimi nina mume tu, anashona nguo Kibakwe.” Hakucheka. Mtu wa hapa angecheka.

Njoo, la sivyo naolewa kwingine.

Mkeo,
Bibi Mwanahawa

Kibakwe, 16 Machi 1997

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi mzima, sare za shule zimenijaa hadi barazani.

Bibi, sina mjomba aliyebaki. Jumatano mtu alisimama mbele ya cherehani yangu, akauliza, “Yule mzee fundi, mume wa Bibi Mwanahawa, yuko wapi?” Namjua. Ndiye aliyetutoa darasani kule Burundi, wavulana kumi na mmoja, tukabebeshwa risasi msituni, hadi nilipotoroka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nina sharubu, hakunitambua. Nikamjibu, “Mzee kasafiri.” Sikuacha kushona. Alipoondoka nikakuta nimeushona mfuko wa kaptura hadi mdomo wake ukafungika.

Viatu nilishaacha kulala navyo tangu Januari. Jana nimevivaa tena.

Tafadhali, utani wetu usimweleze mtu.

Mjukuu wako,
Fabian

Nkuhungu, 27 Machi 1997

Mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa leo. Imechelewa. Jana yule mtu alirudi kanuna: “Kibakwe hakuna mzee.” Kabla sijajibu, jirani Hassani akaangua kicheko: “Ndugu, kweli wewe mgeni! Mume wa bibi si mjukuu wake?” Safari hii na yeye akacheka. Akamshukuru Hassani, akaelekea stendi.

Ulimi wangu ndio uliokuuza. Nisamehe.

Barua hii anayo Batholomeo wa lori la karanga. Usimalize mshono. Panda lori lake hilohilo, urudi. Porini usikimbilie, umeshakimbia vya kutosha, na huku una watu. Balozi wa nyumba kumi nimemwambia. Hassani analia, amekaa mlangoni na rungu.

Ukifika, usiingilie mbele. Pitia uani kwa Rukaya, utazame kamba yangu. Ukiona kanga nyekundu imeanikwa, ingia bila hodi. Usipoiona, pitiliza, hata ukinisikia nakuita.

Bibi yako,
Mwanahawa