Vipele vya Ukoo Wetu

Jumatatu, 5 Agosti
Nimechemsha mawese nikiwa nimekaa. Asha ananyanyua sufuria, mimi nakoroga tu. Wiki ya nne tangu nitolewe kizazi. Kidonda kimefunga. Damu imekata, alhamdulillahi. Ila vipele vya mkononi vinauma na huu upepo wa ziwani. Vimeniuma tangu usichana. Kesho kliniki. Naogopa, sijui naogopa nini.

Jumanne, 6 Agosti
Kumbe nilikuwa na haki ya kuogopa. Daktari kaniuliza, "Mama Asha, majibu ya kinyama yako wapi?" Sikuelewa. Akasema siku ya upasuaji dada yangu alikabidhiwa ndoo yenye kizazi na uvimbe, aipeleke maabara isafirishwe Mwanza wakapime.

Nikampigia dada Mwajuma hapo hapo.

"Nilikizika," kasema. "Kwenye migomba, na dua nikasoma. Nyama ya mtu inazikwa, hujui? Ulitaka wakitie kwenye chupa wakichungulie?"

Simu yangu ina sauti kubwa, daktari kasikia yote. Kashika kichwa. Anasema uvimbe ule haukufanana na anaoutoa kila siku. Ulikuwa laini. Huenda si kansa, lakini hawezi kuapa, na sasa umeoza. Kwa hiyo sitajua. Nimetolewa kitu tumboni na sijui ni kitu gani.

Jumatano, 7 Agosti
Dada kaja na samaki, migebuka, ya kunibembeleza. Nimenuna. Nimekula, lakini nimenuna.

Alhamisi, 8 Agosti
Daktari kaniita tena. Safari hii kashika mkono wangu, kavibonyeza vipele kimoja kimoja. Nikaruka kwa maumivu. Akauliza, nani mwingine anavyo? Nikacheka. Nikamwambia hivyo ni vya ukoo wetu, bibi alikuwa navyo, mama pia. Msichana akivitoa tunasema huyu wa kwetu kabisa. Asha alipovitoa dada Mwajuma alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani posa imekuja.

Daktari hakucheka. Mama alikuwa na shida ya kizazi? Ndiyo, damu ilimsumbua mpaka anaingia kaburini. Mwingine? Mama mdogo wa Kagunga. Alikufa kwa figo, bado kijana. Hapo aliacha kuandika akaniangalia.

Kanichoma ganzi, kakata kipele kimoja. Nimekipeleka maabara kwa mkono wangu. Sikumpa mtu.

Ijumaa, 23 Agosti
Majibu ya kipele yamerudi. Chenyewe ni uvimbe wa misuli, hakina ubaya. Ubaya uko nyuma yake. Daktari kaeleza taratibu: kwenye mwili kuna kama maelekezo, mtoto anayapata kwa baba na mama. Wanaita vinasaba. Kwetu inaelekea kuna sehemu moja mbovu. Ndiyo inaleta vipele, inaleta uvimbe kwenye kizazi mapema, na kwa wengine kansa ya figo inayokwenda mbio. Damu yangu imetumwa Dar kuhakikisha. Yeye hana shaka kubwa.

Kila mtoto ni nusu kwa nusu kuirithi, kasema. Asha ninaye mmoja tu, na vipele anavyo.

Nimerudi Ujiji kwa miguu. Bodaboda wameniita, nikapita tu.

Jumapili, 25 Agosti
Nimenaswa. Nikimwambia Asha namvunja. Nikinyamaza naweza kumuua. Dada kanikataza kusema. "Ana miaka ishirini na moja! Ukisema nani atamuoa? Ujiji nzima watajua." Nikamwambia wewe ulishazika kitu kimoja, hiki hutakizika. Akalia. Nami nikalia. Asha akauliza, nikasema moshi.

Naumwa moyo kila akipita. Ile hedhi yake, siku tisa, vitambaa juu ya vitambaa. Nilikuwa nampa majani chungu nikimwambia vumilia mwanangu, mwana wanje, hata mimi nilikuwa hivyo. Hata mimi! Nilikuwa namtajia ugonjwa huku nadhani namtuliza.

Jumatano, 28 Agosti
Nimesema. Mimi na Asha tulikuwa tunachuja mawese. Nimesema yote vibaya, nimeanzia kwenye figo. Hakulia. Kaniuliza, "Na vile vigelegele?" Nikasema hatukujua. "Mlikuwa mnanishangilia, Mama." Kaingia ndani. Chakula hajala.

Alhamisi, 29 Agosti
Asha kafua nguo zote, hata safi.

Jumanne, 3 Septemba
Tumepimwa wote wawili. Asha ndiye aliyeniamsha. Figo zetu zinaonekana salama. Kizazi chake kina vivimbe viwili, vidogo, havijamharibia. Daktari anasema akitaka kuzaa asingoje sana, na figo ziangaliwe kila mwaka kwa kipimo kikubwa cha Mwanza, maana hiki cha hapa hakioni vyote. Kila mwaka, maisha yetu yote. Majibu ya damu bado.

Jioni Asha kaleta kitana na mkeka, kasema kichwa changu kinatia aibu. Kanikalisha katikati ya magoti yake, anasuka. Nikamuuliza kama nimekosea kumwambia. Nikageuka nimwone uso.

"Tulia, Mama," kasema. "Mstari unapinda."

Nimetulia.