Kizibao cha Pamba Mwezi wa Septemba

Jumapili, 1 Septemba

Kizee ametangaza vuli!

Asubuhi, kabla hata ya chai, kasimama mbele ya kalenda, kachana ukurasa wa Agosti, kaukunja vizuri, halafu: "Yasuyo, kiangazi kimekwisha. Zima hilo dude."

Dude ni kiyoyozi cha sebuleni. Kimoja tu nyumba nzima, na kukipata ilikuwa vita. Nje nyuzi thelathini na sita. Nyenje wanapiga kelele kama wanaochomwa moto. Nikamwambia, "Mama, joto halisomi kalenda." Kasema nimedekezwa, huko kwetu pwani hatukufundishwa majira.

Huko kwetu! Miaka thelathini na miwili niko Kumagaya, nafua nguo zake, napika wali wake, bado mimi ni mtu wa huko kwetu.

Nikamgeukia mume wangu Tokuji. Kajificha nyuma ya gazeti. "Mwache Mama. Ni siku chache tu." Yeye kesho anakwenda ofisini, kuna baridi kama ndani ya friji. Ninayebaki hapa nikichemka na mama yake ni mimi.

Kufika jioni kaondoa mapazia ya mianzi ya kiangazi, kafunga feni kwenye plastiki, katoa mito minene ya kukalia. Nimeketi juu ya mmoja. Kama kukalia mkate uliotoka kuokwa sasa hivi. Rimoti kaitia kifuani, ndani ya nguo. Nani ataifuata huko?

Jumatano, 4 Septemba

Alfajiri upepo wa baridi — kweli, baridi! Kizee kajaa ushindi. Kavaa sweta, kavuka barabara mpaka kwa Mama Negishi kumpasha habari kwamba vuli imefika na kwamba mkamwana wake alibisha.

Kabla ya chakula cha mchana joto limerudi lote, na hasira juu.

Nikapika tambi za baridi. Kasukuma bakuli kwa kidole kimoja. "Hizi za kiangazi." Akataka za moto, za mchuzi. Nikampikia, kazimaliza zote. Usoni hata tone la jasho! Mimi jasho langu linadondokea kwenye bakuli.

"Mama, kweli husikii joto?"

"Joto gani?"

Na lile jicho lake. Ananikejeli! Ananikejeli mezani, mbele ya tambi alizonilazimisha kupika.

Usiku tunajifunika, mchana tunaungua. Mafua yamenishika. Kasema mwili wangu mbovu.

Jumamosi, 7 Septemba

Wifi kapiga simu kutoka Yokohama. Michiyo huyo, ambaye huja kwa mama yake mara mbili kwa mwaka na kila akija huniuliza taulo zinakaa wapi.

Habari yenyewe: Kizee ametimiza themanini na minane, sherehe itakuwa Siku ya Wazee, tarehe kumi na sita. Kizibao cha rangi ya dhahabu, kile anachovikwa mtu wa umri huo, kimeshanunuliwa, na kofia yake. Mimi nipike. Wali wa maharage mekundu, samaki changu mzima, supu.

Nikasema, polepole kabisa, "Wifi, tungengoja Oktoba. Joto bado kali."

"Oktoba! Wifi, mtu wa themanini na minane anangojeshwa? Au unaomba asifike?"

Kacheka, ili ionekane ni mzaha. Na mimi nikacheka. Meno yaliniuma kwa kuyabana.

Jumanne, 10 Septemba

Radi. Mvua ya mawe, kubwa kama njegere, imetoboa majani yote ya biringanya zangu. Joto likashuka ghafla, nikafungua madirisha, nikasimama tu katikati ya nyumba mikono nimeitanua kama nguo kwenye kamba. Raha! Haikudumu. Jua likatoka na ardhi ikaanza kutoa mvuke. Sasa ni joto la maji. Baya zaidi.

Mama Negishi kaja uzioni kusema kwamba mzee mmoja wa mtaa wa nyuma amekutwa amekufa ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kimezimwa. Nikamweleza Kizee neno kwa neno. Kafikiri kidogo, kasema, "Yule hakuwahi hata kufagia mbele ya mlango wake."

Ijumaa, 13 Septemba

Leo tumefikishana mwisho.

Alikuwa anaoga. Rimoti kaiacha kwenye kikapu cha nguo. Nikaichukua, nikawasha. Jamani ule upepo wa kwanza! Nikaketi chini yake nikafumba macho.

Nikasikia "tak!" Kizee kasimama na taulo, nywele zinachuruzika, kachomoa waya ukutani. Nikauchomeka. Kauchomoa. Wanawake wawili wazima! Nikamshika mkono — sikumvuta, nilimshika tu — naye kanipiga kofi la vidole mkononi, kama mtu anayefukuza nzi.

"Nyumba hii si yako."

"Basi ya nani? Nani anaifagia?"

"Ufagio ni wako. Nyumba si yako. Hutanifundisha mimi baridi na joto, mimi niliyezaliwa hapa. Funga mdomo wako wa kwenu."

Nikamwachia mkono. Nikasema sawa, Mama.

Nimefunga. Kuanzia leo neno joto halitanitoka tena. Kama anataka kuiva, aive.

Tokuji kauliza mbona tumenyamaza wakati wa kula. Kaongeza sauti ya televisheni.

Jumatatu, 16 Septemba. Siku ya Wazee

Naandika nimesimama hapa jikoni. Nikiketi nitalala au nitalia, na sitaki lolote kati ya hayo.

Nyuzi thelathini na saba leo. Asubuhi watu wa mtaa walileta zawadi ya wazee: boksi la biskuti za mchele na taulo. Kizee kapokea kwa kuinama mpaka chini. Baadaye Michiyo kafika, gari lake limepoa, uso wake umepoa. Kafungua mfuko. "Mama, tazama!"

Kizibao. Kinang'aa kama sanamu ya hekaluni. Pamba ndani yake nene kama godoro la mtoto. Na kofia vilevile.

Michiyo mwenyewe kaanza kujipepea kwa kifuniko cha boksi. "Mbona humu kama tanuri? Wifi, kiyoyozi kimeharibika?"

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Kizee kaniwahi: "Ni vuli, mwanangu."

"Haya, Mama, leo siku yako, utakavyo wewe." Halafu kwangu: "Wifi, endelea na jikoni tu. Mama yangu namjua mwenyewe."

Vizuri. Nikaendelea na jikoni.

Mlango wa katikati ulikuwa wazi, niliona kila kitu. Wali unatoa mvuke, supu inatoa mvuke, Kizee kaketi juu ya mto mnene ndani ya dhahabu yake, kofia mpaka kwenye nyusi. Picha. Nyingine. Sasa na Tokuji. Sasa na zawadi. "Wifi, njoo nawe, tusije tukasemwa." Nikaenda, nikasimama nyuma.

Nikaona shingo yake. Nyekundu kama kaa aliyechemshwa, na kavu. Kavu kabisa! Akasema, "Sumi, nipe maji ya kisimani." Sumi alikuwa dada yake. Alikufa sijaolewa.

Tokuji kacheka: "Mama anatania." Michiyo kacheka: "Mama, tabasamu!"

Mimi nilijua. Wiki nzima wanaeleza kwenye televisheni dalili za mtu aliyezidiwa na joto: ngozi kavu, maneno yanapotea. Nilijua nilichokuwa nakiona. Nikarudi jikoni nikamaliza kukata samaki. Vipande vyote. Nikavipanga kwenye sahani, kichwa kushoto, mkia kulia. Nikajisemea, mama yake anamjua mwenyewe.

Ndipo kishindo.

Sijui nilifikaje pale. Michiyo anapiga kelele, Tokuji anatafuta miwani ili apige simu! Nilikata kamba za kizibao kwa kisu cha samaki. Nikamvua, nikachukua boksi lililokuja na samaki, barafu yote nikammwagia shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Alinuka samaki. Nilikuwa nampiga mashavu nikimwita, "Mama! Mama!" kwa sauti nisiyoijua.

Mtu wa gari la wagonjwa kauliza barafu kaweka nani. Nikasema mimi. "Umemwokoa," kasema.

Tokuji kanishika mabega, kalia. "Ahsante, mke wangu. Ahsante." Nikageuka nikaanza kuokota barafu sakafuni.

Jumanne, 17 Septemba

Yu hai. Dripu mikono yote miwili. Figo, wanangoja kuona.

Michiyo kanikuta kwenye korido karibu na mashine ya vinywaji. Sura imevimba. Hakusalimia. Kanyoosha simu.

Ile picha. Kizee katikati, dhahabu tupu. Tokuji anatazama kamera. Michiyo anatazama kamera. Mimi nyuma — natazama shingo ya Kizee. Na uso wangu! Sikujua nina uso wa namna ile. Si hofu. Ni uso wa mtu anayetazama sufuria kama imechemka.

"Ulijua," kasema.

Nikaisukuma simu pembeni.

"Mtu akiona hivyo husema, wifi. Hata adui husema."

Nilitaka kumwambia: wewe je, uliyemvika pamba? Wewe uliyecheka? Maneno yalikuwepo, mazuri, makali.

Leo mwezi ni mpevu, kila mtu anautazama. Joto halijapungua hata kidogo.

Ijumaa, 20 Septemba

Niko peke yangu nyumbani. Nimewasha kiyoyozi, nimekishusha mpaka mwisho, nimevaa soksi. Hakuna wa kuchomoa waya. Nimengoja hii miaka mingapi? Na nimeketi tu natazama ukuta kwenye shimo la waya.

Daktari kaniita mimi na Tokuji. Kasema watu wa umri ule ngozi yao haihisi tena joto, hawatoki jasho, kiu haiji. Kasema, "Hakuwa mkaidi. Hakusikia tu." Lazima awepo mtu wa kumwambia, kila siku, leo joto, leo baridi.

Tambi zile. "Joto gani?" Alikuwa ananiuliza!

Lakini na kiburi pia. Daktari huyo hajaishi naye. Kofi halikuwa la ngozi. "Nyumba hii si yako" haikuwa ya ngozi.

Jumapili, 22 Septemba

Nimeamka natetemeka. Nyuzi kumi na saba na mvua! Jana tulikuwa thelathini na nne. Kichwa kinauma, mgongo unauma, nusu ya mtaa inakohoa. Leo ni siku ya kuzuru makaburi, na yale maua mekundu ya kule hayajachanua hata moja. Joto limeyachanganya.

Nikampelekea Kizee sweta. Michiyo na Tokuji walikuwa wameshafika, wanabishana kwa kunong'ona. Michiyo anataka kumchukua Yokohama. Kizee kawafukuza wote wawili wakanywe kahawa. Tukabaki sisi.

Kapungua. Mikono kama vijiti vya kulia wali. Kanitazama mpaka nikaanza kukunja sweta upya.

"Michiyo kanionyesha picha. Una uso mbaya."

"Ndiyo, Mama."

"Ulipoondoka pale, ulikwenda kufanya nini?"

Sikuona sababu ya kudanganya. "Nilikwenda kukata samaki."

Mvua inapiga dirisha. Halafu: "Ningekuwa mimi, ningekata na matango."

Sijui kama alicheka au alikohoa.

Wenzetu waliporudi, Michiyo kaanza tena: chumba kipo, hospitali ipo karibu, wajukuu wapo. Kizee kasema anarudi kwake. Michiyo kashindwa kujizuia. "Mama, huyu atakuua!"

"Anajaribu tangu aolewe," kasema Kizee. "Nivalishe sweta, Yasuyo. Kichwa kwanza, si mkono."

Jumatano, 25 Septemba

Tulimrudisha jana. Michiyo kaondoka bila kuniaga. Kamwachia Tokuji namba tatu za simu na kumwambia atapiga kila siku, na siku asipopokelewa atakuja na polisi. Tokuji kaitikia kwa kichwa. Leo kaenda kazini mapema kuliko siku zote.

Alfajiri nyuzi kumi na tano. Nikamvika nguo mbili. Sasa adhuhuri, jua limetoka kwa ghadhabu, kipimajoto cha barazani kinasema thelathini na mbili na bado kinapanda. Kizee kaketi penye ubao wa baraza, juani, nguo zote mbili mwilini, mikono magotini. Mimi niko hapa mezani. Namwona kisogo.

Tangu asubuhi hatujasemeshana. Uji kala. Dawa kameza. Na lile kofi bado nalisikia mkononi, niseme ukweli.

Sasa hivi kaita.

"Yasuyo."

Nikaendelea kuandika.

"Yasuyo. Leo kuna joto, au hakuna?"

Hakugeuka. Kaulizia huko huko bustanini, kana kwamba anaziuliza biringanya. Miaka thelathini na miwili hajawahi kuniuliza kitu asichokijua.

Shingo yake naiona. Imeanza kuwa nyekundu.

Nimeshika kalamu. Naandika badala ya kujibu — naona ninavyofanya, naona kabisa. Yeye hakuita tena. Anasubiri tu, na amefungua kifungo kimoja cha juu, kakishika kati ya vidole, hajui kama afungue na cha pili — naweka kalamu